Mshale Uliocheza Msimu wa Pamba

Nilifika Bunda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, ingawa nilikuwa juu ya gari. Tulitoka bandarini Dar es Salaam na transfoma moja iliyolala kwenye trela la lowbedi lenye magurudumu mengi hivi kwamba kila nilipoyahesabu nilipata idadi nyingine, na kazi yangu ilikuwa kushika mti mkavu wenye panda. Tulipokuta waya umekatiza barabara chini kuliko kichwa cha transfoma, nilisimama juu ya mzigo, nikauingiza ule waya kwenye panda, nikauinua, na dereva akapita chini yake polepole kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo za mkwewe. Niliinua waya za simu, kamba za mabango ya mkutano wa Injili, waya ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, siku kumi na tatu. Tulipopita Lamadi nyani walikaa pembeni mwa barabara wakitutazama kama wanatulipisha ushuru, na upande wa kushoto ziwa likawa linaonekana na kupotea. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nina cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, na nilikuwa nimeshafanya kazi katika mikoa sita bila kumaliza mwaka katika mmoja.

Mwezi uliopita nilirudi huko kwa basi, siku moja tu ya safari, kumzika Mzee Magesa kijijini kwake, Butiama. Mjukuu wake alisoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri ya shule. Alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akafanya kazi ya umeme miaka thelathini, akastaafu kwa heshima. Kisha akapita kwenye idadi ya watoto na wajukuu. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye benchi la kanisa lililoletwa uwanjani, na miguu ikanicheza. Nilitaka kusimama niseme subirini kwanza, hayo maneno "akastaafu kwa heshima" yana mwaka mzima ndani yake, na mimi nilikuwepo. Sikusimama, msiba una wenyewe. Ndiyo maana naandika.

Transfoma ilishushwa kwenye kituo cha kupozea umeme nje kidogo ya mji wa Bunda, na sisi vibarua tukalipwa tukaambiwa kwaheri. Nilikuwa nafunga begi pale kivulini mwanamume mrefu, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni, aliposimama mbele yangu. "Wewe wa mti, umesoma?" Nikamwambia kidato cha nne. "Saa unajua kusoma? Namba zako zinasomeka?" Akanipa kipande cha karatasi niandike moja hadi kumi. Akazitazama kwa muda mrefu, hasa ile saba. "Saba yako ina mkia. Utaikata." Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Mwaka ule gridi yetu ilikuwa inaunganishwa kwa majaribio na gridi ya nchi jirani, na kwa sababu ya majaribio mita zilitakiwa zisomwe kila nusu saa mchana kutwa. Mrefu yule ndiye Mzee Magesa, msimamizi wa kituo. Alikuwa na mwendeshaji mmoja tu kijana, Chacha, na aliruhusiwa kuajiri mtu wa kusoma mita kwa mkataba wa mwaka.

Chumba cha kuendeshea mitambo nakiona hadi leo. Kilikuwa kirefu, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka ukaogopa kuikanyaga, na ukutani paneli za kijivu zenye mita za zamani, kila moja na mshale wake mweusi. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya transfoma na popo wa kwenye dari. Katikati kulikuwa na meza, na juu ya meza kitabu cha zamu. Kitabu kile kilikuwa mali ya Mzee Magesa kuliko suruali zake. Hakuna aliyeruhusiwa kukiwekea kikombe wala kiwiko. Siku yangu ya kwanza niliona mshale wa laini kubwa ukitetemeka kidogo, huku na huku, nikauliza niandike namba ipi. "Katikati," alisema. "Mshale ukicheza, unaandikaga katikati. Kitabu hakichezi." Chacha akanikonyeza. Baadaye aliniambia mzee alifundishwa hivyo enzi za jenereta za dizeli, ambazo zilikuwa zinatikisa mishale yote kama mtu mwenye homa. Mtu aliyeandika kila mtikisiko aliharibu kitabu bure. Kwa hiyo katikati ikawa sheria, na mzee aliwafundisha waendeshaji wote waliopita mikononi mwake, nao wakaenda nayo vituo vingine. Kwa mashine zile ilikuwa sheria nzuri. Nasema hivyo kwa sababu watu wengine, waliposikia habari hii, walimcheka mzee, na mimi sipendi.

Nilipanga chumba uani kwake, Kabasa. Mkewe, Mama Wegesa, alikuwa na sauti ya kusikika mtaa wa pili, na alikataa katakata nijipikie. "Mwanaume anayepika peke yake anaongeaga na sufuria," alisema. Basi nilikula kwao: ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, na furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa wakapikwa na karanga, na Jumapili maziwa mgando kutoka kwa ng'ombe wa Butiama. Mchana wa Jumamosi alitwanga muhogo mkavu pamoja na wifi yake, michi miwili katika kinu kimoja, mmoja akipanda mwingine akishuka, na waliongea muda wote bila kukosea. Nilikaa kwenye ngazi ya chumba changu nikiwasikiliza wakisema watu. Mimi mwenyewe nilisemwa nikiwa nimekaa pale pale. "Huyu wa Kusini ataoa lini?" "Ataoaje, miguu yake haijui kulala." Walikuwa na haki. Nilishaanza kuuliza magari ya Sirari, kule mpakani, yanapita saa ngapi.

Laini ziliunganishwa mwezi ambao pamba inaanza kuingia. Viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa vinawashwa asubuhi, umeme mwingi ukapita kwetu kuelekea upande mmoja, na mshale wa laini kubwa ukabadilika tabia. Haukutetemeka tena kama zamani. Ulikwenda taratibu juu, ukasimama kama unafikiri, ukarudi taratibu chini, ukasimama, ukaenda tena. Chacha akauita bibi harusi. "Tazama anavyoringa," alisema. "Nenda, rudi, nenda, rudi." Mimi niliandika katikati. Saa nne katikati, saa nne na nusu katikati. Kwenye kitabu namba zilifanana kama mayai.

Siku moja, kabla ya saa tano, safari za mshale zikaanza kurefuka. Kila ukienda ulikwenda mbali kuliko mwanzo, na kila ukirudi ulirudi chini kuliko mwanzo. Mzee Magesa akaacha chai yake, akaja kusimama mbele ya paneli, karibu na mpini wa swichi kubwa. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Mikono yake ilikuwa mgongoni, kidole kimoja kimekamata kingine. Mshale ukaenda hadi mwisho wa uso wa mita, nje kukasikika mlio kama wa bunduki, na swichi ikafunguka yenyewe, ikakata umeme. Bunda ikazima, Musoma ikazima, na ng'ambo ya mpaka nao wakazima. Mzee hakupiga kelele. Alitaja kazi moja baada ya nyingine kwa mpangilio, Chacha akizifanya, na baada ya muda mfupi hospitali na miji ilikuwa na umeme tena. Nilidhani watamshukuru.

Walimwita Musoma. Alikwenda amevaa koti, na mimi nikamsindikiza kwa kuwa niliandika kitabu. Ofisi ilikuwa Iringo, ghorofani, na mimi nikaambiwa nisubiri kwenye korido. Mlango ulikuwa haufungi vizuri. "Kitabu chako mwenyewe kinasema laini ilikuwa imetulia," sauti moja ikasema. "Saa nne, imetulia. Nne na nusu, imetulia. Halafu swichi inafunguka. Ulikuwa umesimama wapi, mzee?" Nikasikia akijibu bila kusita, "Mbele ya mpini." "Mkono wako ulikuwa wapi?" "Mgongoni." Mtu akacheka kidogo, kicheko cha puani. Mzee akasema mshale ulikuwa unacheza. "Unacheza wapi? Tuoneshe hapa kwenye kitabu." Nikasikia akifunua kurasa. Zote zilikuwa na namba zilizoandikwa kwa amri yake mwenyewe. Niliitwa, nikasema niliuona mshale ukicheza, wakaniuliza kwa nini sikuandika, nikasema niliandika katikati. Wakanitazama kama mtu aliyekula kuku wa jirani halafu akasifia mchuzi.

Tulikula mtaa wa Kitaji, kwa mama mmoja anayepika supu ya sato. Mzee alikuwa ameshikilia kijiko bila kukitumia. "Miaka ishirini na tisa," alisema. "Umebaki mmoja. Wanataka kuniondoa kwa uzembe. Watoto wangu watasema baba alizima mji kwa mkono wake." Amesimamishwa kazi, alisema, mpaka laini ziunganishwe tena kwa majaribio mapya. Zikikaa bila tatizo, basi ilikuwa mkono wake, na barua ya kufukuzwa itatoka. Nikamwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika. Akakasirika kwelikweli. "Usiniibie kosa langu, kijana. Wewe uliandika nilichokuambia." Akala supu yote, imeshapoa.

Laini ziliunganishwa tena baada ya wiki kadhaa. Chacha alikuwa anakaimu, na alikuwa na hofu ya mtu anayekaimu. Asubuhi ile viwanda vilipowaka, bibi harusi akaanza kuringa. Nikachukua kalamu nikaandika namba mbili ndani ya kisanduku kimoja, ya juu alikofika na ya chini alikorudi. Chini yake nikaandika idadi ya safari kwa dakika, nilizohesabu kwa saa yangu ya mkononi: ishirini na nne. Chacha akaja akainama. "Unafanya nini, Kusini?"

"Naandika ninachoona."

"Unakichafua kitabu! Wakubwa wakija wakikuta kitabu kinacheza, watasema kituo kimemshinda Chacha. Tutafukuzwa wote wawili na mzee wetu watatu. Tutauza karanga stendi."

"Wewe utauza, mimi nitakula."

Hakucheka. Alitoka nje, akazunguka transfoma mara mbili, akarudi. "Angalau andika kwa mwandiko mzuri," akasema. Tangu siku hiyo tuligawana: yeye anahesabu kwa sauti, mimi nashika saa. Kulipokuwa na mzigo mkubwa safari za mshale zilikuwa ndefu, viwanda vilipozima kwa chakula zilikuwa fupi, lakini kwa dakika zilikuwa zile zile ishirini na nne. Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote. Jumapili nilimpelekea mzee habari. Alikuwa Butiama siku hizo, anachunga ng'ombe wake mwenyewe kwa aibu ya kukaa mjini. Nilimfuata kwa baiskeli ya kuazima, nikamkuta amekaa kwenye jiwe, na nilipomwambia nimevunja sheria yake alitazama kwanza ndama wake. "Namba zinasomeka?" aliuliza. Nikasema zinasomeka. "Na ile saba?" "Nimeikata mkia." Akaitikia kwa kichwa. "Endelea."

Injinia alikuja siku ya tisa, kutoka makao makuu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kazi na begi la kompyuta. Alifungua kitabu amesimama. Akakaa. "Nani ameandika hivi?" Chacha akanitazama mimi, mimi nikatazama sakafu nyekundu. Nikasema ni mimi. "Kwa nini?" Nikamwambia kwa sababu mshale unafika huku na huku, haukai katikati hata sekunde moja. Akavuta kiti akakaa nami mbele ya mita ile masaa mawili, chai ikaletwa ikapoa. Kisha akaniambia kitu kilichonifanya nitake kucheka na kulia. Mashine yao ya kurekodi kule makao makuu, ya bei kubwa, ilikuwa inachukua wastani wa kila nusu saa. Nayo ilikuwa inaandika katikati.

Tulimpeleka kula kwa Mama Wegesa, maana hakukuwa na mahali pengine pa kumpeleka mgeni. Ilikuwa Jumamosi, kinu kiko uani. Injinia alijaribu kutueleza: mitambo ya kuzalisha umeme ya upande wetu na ile ya ng'ambo inavutana kupitia laini moja ndefu. Upande mmoja ukikimbia kidogo, mwingine unabaki nyuma, kisha unavutwa, unapitiliza, na mchezo hauishi. Chacha aliitikia kwa kichwa kama mtu asiyeelewa. Mama Wegesa, mchi mkononi, akasema, "Hiyo si ndiyo tabia ya huyu wifi yangu? Anakimbiza mchi kama anafukuzwa. Nikimfuata, michi inagongana."

"Mimi?" wifi akasema. "Nani alinigonga kidole juzi?"

"Sasa mama, huwa mnafanyaje isigongane?" injinia akauliza.

"Unashikilia mchi juu kidogo tu, pale mwenzako anapoharakisha. Husimami. Ukisimama umeharibu. Unamchelewesha kidogo, yeye mwenyewe anarudi."

Injinia akacheka mpaka akashika meza. Alisema kwenye mitambo mikubwa kuna kifaa kinachofanya hivyo hasa, kinahisi mashine inapoharakisha na kuishikilia kidogo, inapochelewa na kuisukuma kidogo. Swali lake lilikuwa kama vifaa hivyo vinafanya kazi. Jibu lilikuja baada ya siku nne za simu. Kwenye mtambo mmoja mkubwa, mbali sana na Bunda, kifaa kilikuwepo, kimefungwa vizuri, na kilikuwa hakijawahi kuwashwa.

Siku ya kukiwasha injinia alirudi Bunda, simu moja sikioni, na akataka mimi nisimame mbele ya mita. Mzee Magesa aliruhusiwa kuingia kama mgeni. Alikaa kwenye benchi la wageni karibu na mlango, kofia magotini. Ilikuwa saa tano, viwanda vyote vinanguruma, mshale unaringa. Upande wa pili wa simu wakakata laini moja ndogo makusudi ili kuushtua mfumo, na mshale ukaruka kama ule wa siku ya ajali. Nikasikia benchi likilia.

"Inaendaje?" injinia akauliza.

"Juu sana."

"Wanawasha sasa. Sema unachoona."

"Chini. Juu, imepungua. Chini, imepungua. Juu kidogo." Nilisubiri. "Imetulia."

"Imetulia wapi?"

"Katikati," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Chacha alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Injinia alirudia maneno yangu kwenye simu, neno kwa neno, na mtu huko mbali akayaandika. Wakashtua mfumo mara ya pili na mara ya tatu, na kila mara mshale uliruka, ukaenda mara tatu nne, ukalala. Nimefanya kazi nyingi tangu siku ile, nimelinda ghala, nimeendesha bodaboda, nimechimba visima Kigoma, na sijawahi tena kusimama mahali nchi mbili zinasubiri nitoe neno. Najua vizuri kwamba kazi kubwa aliifanya injinia na wenzake. Lakini macho yalikuwa yangu, na najivunia bila kuomba radhi.

Ripoti mpya ilitoka upesi. Ilisema swichi ilifunguka kwa sababu ya mtikisiko kati ya gridi mbili, na msimamizi wa kituo hana kosa. Mzee alirudi kazini. Kilichobaki ni yeye kusaini barua ya kusafishwa, nakala iende kwenye faili lake la kustaafu. Barua ilisema mtikisiko uligunduliwa "kutokana na kumbukumbu za kituo." Mzee akaisoma mbele yetu, miwani puani, akairudisha kwenye bahasha. "Kituo hakina macho," alisema. "Kumbukumbu za kituo ni zangu, na zilisema laini imetulia. Waandike jina." Musoma wakasema mtu wa mkataba hatajwi kwenye barua kama hizo. Wakamwambia asaini haraka, faili likichelewa mafao yake yatachelewa. Akasema atasubiri. Mama Wegesa alimsema uani usiku na mchana. "Baba Wegesa, utastaafu kwa njaa kwa ajili ya jina la mtu ambaye kesho hayupo!" Akamjibu, "Hayupo, ndiyo maana liandikwe."

Mkataba wangu uliisha barua haijarudi. Injinia alikuwa ameniambia nafasi ya kudumu inataka cheti cha ufundi, na akaniahidi kuniandikia chuo. Nilimshukuru, na nilijua tangu siku ile sitakwenda. Miguu yangu ilikuwa imeshaondoka. Mzee aliniomba nisubiri mpaka Ijumaa, na kwa kuwa hajawahi kuniomba kitu, nilisubiri.

Ijumaa ile nilikuwa stendi ya Bunda, begi limeshapakiwa, mzee aliposhuka kwenye gari la kutoka Musoma akiwa na koti lake. Hakunisalimia. Alifungua bahasha, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kuita mahudhurio, pale pale katikati ya wauza mayai na wapiga debe. Alisoma mpaka alipofika kwenye majina yangu, yote matatu, la kwangu, la baba na la babu, akayasoma mara mbili. Mpiga debe mmoja akauliza, "Mzee, huyo kashinda uchaguzi?" Mzee akamjibu, "Nyamaza, unasikiliza habari za mtu." Kisha akanionesha chini ya karatasi sahihi yake, wino bado mpya, aliyoiweka asubuhi ile baada ya wiki saba za kukataa.

Nilitaka kusema kitu kirefu. Akatazama saa, akasema zamu yake inaanza saa nane na hajawahi kuchelewa, akanipa mkono, akaondoka kwa haraka kuelekea kituoni.